Fundo la Sufu Nyekundu

Jumanne asubuhi, kabla jua halijapasha vioo moto, Dada Mifuko alikuwa kwenye mstari wa tatu wa banda la kioo akikagua mahindi ya Daktari. Kazi yake ndiyo iliyompa jina: kulivika kila hindi changa mfuko wa karatasi kabla halijatoa nywele, kuubana kwa pini, kuandika tarehe, kisha kurudi baada ya siku chache na chavua iliyochaguliwa, si hii inayopeperuka ovyo. Alipovua mfuko wa hindi namba arobaini na moja, alikuta maganda yamefungwa nchani kwa uzi mwekundu wa sufu. Mizunguko mitatu, kitanzi kimoja, ncha imefichwa kwa ndani. Pini aliyoibana mwenyewe haikuwa imeguswa.

Akavua mfuko wa namba arobaini na mbili. Nalo lilikuwa limefungwa. Kufika mwisho wa mstari alikuwa amehesabu kumi na saba, akaandika daftarini: uzi, 17. Hakushtuka. Alilijua lile fundo tangu hajaanza shule.

Daktari, ambaye hajawahi kumpa mtu hata kidonge maana udaktari wake ulikuwa wa mimea, alikuwa amehangaika miaka mingi kupandikiza jeni kwenye mahindi. Unatoa kiini katika punje changa, unakiweka kwenye kisahani, unakiloweka na bakteria waliobeba jeni ya kustahimili ukame, halafu unangoja. Kati ya viini mia vilikubali vitatu, vingine vikaoza. Kisha akapata aina moja ya mahindi mafupi, yenye punje za rangi ya chai, ambayo viini sitini kati ya mia vilikubali. Njia yake mpya ikasifiwa kila mahali. Kwenye fomu ya mbegu hiyo, mbele ya neno "chanzo", aliandika: hakijulikani.

Dada Mifuko alikijua. Miaka sita nyuma, wiki yake ya kwanza kazini, Daktari aliwaomba wafanyakazi wapya walete mbegu za kwao, "kuziangalia tu". Alikwenda kwa mama yake, akapanda kwenye kigoda, akachukua mahindi mawili kati ya matano yaliyoning'inia juu ya jiko, kila moja limefungwa kwa uzi uliofumuliwa kutoka sweta yake ya shule. Hakuaga. Yale matatu yaliyobaki yakaliwa na dumuzi mwaka huohuo hadi yakawa unga. Mama akakata shauri kwamba yale mawili yameibwa na shangazi, dada wa marehemu baba, aliyeishi ng'ambo ya njia, na tangu siku hiyo hakumpa hata salamu. Binti alisikia yote akanyamaza, akijiambia atasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikachukua miaka sita.

Maabara ikapima uzi na kutoa majibu: sufu, imevaliwa, imefuliwa mara nyingi. Daktari akamwita.

"Nani anaingia na sufu humu?"

"Sijui, Daktari."

"Pini unazo wewe."

"Na funguo unazo wewe."

Wakatazamana kama wapangaji wawili wa jiko moja siku sukari imepungua. Tangu hapo kila aliyetoka bandani alipekuliwa, Daktari akiwemo, na mfagiaji akaacha kuja na kikapu chake.

Mlinzi aliwekwa akae mbele ya hindi namba hamsini, lililokatwa uzi wa kupelekwa maabara, na asiliondolee macho. Siku ya tatu akaleta ripoti. Uzi ulitoka kwenye shina polepole, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, ukapanda, ukajizungusha mara tatu na kujifunga. Ulichukua kama dakika saba. Aliomba pia kiti chenye mgongo. Ripoti ikafungwa kwenye faili, na jioni yake mlinzi naye akapekuliwa.

Uzi wenyewe Daktari angeuvumilia. Tabu ni kwamba ulibana maganda, nywele zikashindwa kutoka, na bila nywele hakuna punje. Walijaribu mkasi, mkasi ukakata nywele pamoja na uzi. Wakaguzi wa kibali walikuwa wanakuja baada ya wiki mbili kuona mahindi yenye punje.

"Kuna mtu anayejua kulifungua hili dude?" aliuliza.

Dada Mifuko alitazama viatu vyake kwa muda mrefu kuliko viatu vilivyostahili. "Mama yangu," alisema.

Mama alifika Ijumaa, mkoba kwapani, mlinzi akambandika karatasi ya "mgeni" kifuani. Alikwenda moja kwa moja mpaka mstari wa tatu, akaweka kiganja chini ya hindi moja kama anayeinua kidevu cha mtoto.

"Fundo langu," alisema.

"Ndiyo, mama, tumeambiwa," alisema Daktari. "Linafunguliwaje?"

Mama alimgeukia binti yake. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Na shangazi yako?"

"Hakugusa kitu."

Mama akasonya, na haikujulikana anamsonya nani kati ya watu watatu waliokuwa bandani na mmoja aliyekuwa kwake. Kisha akamwambia Daktari, "Nitawaonyesha. Nikimaliza mnipe konzi moja tu ya mbegu, niirudishe juu ya jiko langu. Mimi sina tena."

"Tutaangalia, mama."

Akawaonyesha. Gumba la kushoto linakandamiza kitanzi, mkono wa kulia unaichomoa ncha kwa kwenda chini, si juu, na hukazi. Daktari aliandika. Alimwomba arudie, akaandika tena. Kufika saa sita mahindi yote yalikuwa yamefunguliwa, na nywele zikatoka saa hiyohiyo, laini na nyevu.

Ndipo Daktari akaeleza sheria. Kitu kilicho hai hakitoki bandani. Punje zinazobaki huchomwa kwenye tanuri, na aliionyesha hiyo tanuri kupitia dirishani. Alisikitika kweli, hata akamletea mama maji ya kunywa kwa mkono wake. Ila uzi ulishapimwa na si hindi, kwa hiyo uzi anaweza kuchukua. Alipewa kwenye mfuko wa karatasi, umebanwa pini, umeandikwa tarehe.

Jumatatu mwongozo mpya wa kazi ukaletwa mezani kwa Dada Mifuko aweke sahihi. Hatua ya tisa: kandamiza kitanzi kwa gumba la kushoto, chomoa ncha kwa kwenda chini, usikaze. Chanzo cha njia: hakijulikani.

"Daktari, kinajulikana. Ijumaa kilikunywa maji kwenye glasi yako."

"Najua. Lakini fomu ya mbegu inasema hakijulikani. Tukiandika jina hapa, watakuja kuniuliza la kule."

Alishika kalamu. Alifikiria ada za watoto, akafikiria kodi, akaona aibu. Akaweka sahihi.

Jioni alipita kwa mama. Aliwakuta kizingitini mama na shangazi, shangazi amenyoosha mikono, mama anamzungushia ule uzi mwekundu. Walikuwa bado hawajaanza kuongea, lakini uzi ulikuwa unakwenda.

"Wameandika nani aliyewafundisha?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Wameandika hakijulikani."

"Na wewe ukaweka sahihi."

"Nikaweka."

Mama alizungusha mara mbili, tatu. "Basi wewe umezaliwa na nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza na kungoja jibu, mikono ikiwa imesimama, na shangazi naye akangoja. Dada Mifuko aliwatazama wote wawili, akaaga.

Jumanne asubuhi mahindi ya mstari wa tatu yalikuwa yamefungwa upya, yote kumi na saba. Alivua mfuko wa namba arobaini na moja, akaweka gumba la kushoto kwenye kitanzi, akaanza hatua ya tisa.