Kijiko Kilichopinda Shingo

Asubuhi ya mavuno ya kwanza, Crisanta Sunga alikaa kizingitini kwake Magalang, akabana beseni kwa magoti, akaanza kuparuza mahindi mabichi kwa kisu. Yalikuwa mahindi meupe ya kunata, yale ambayo ukiyachelewesha kidogo tu yanakuwa ya kuku. Punje zilipokwisha, aligeuza mgongo wa kisu akakamua gunzi mpaka likatoa maziwa yake yote. Jikoni, mumewe Dading alikuwa amekwisha kukaanga vitunguu saumu na kamba wadogo. Sasa alikuwa akinyambua majani ya mlonge, huku akinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya watu wenye macho.

Aliyekosekana ni binti yao Jovelyn. Aliahidi kuinywa supu hii nyumbani. Mkataba wake wa kazi za ndani ng'ambo ulikwisha tangu mvua zilizopita, lakini pasipoti yake ilikuwa ndani ya kasha la chuma la mwajiri, na mwajiri alisema bado hajapata mwingine anayejua kukunja mashuka vile.

Crisanta aliingia, akamimina mahindi sufuriani, akakoroga.

"Basi tuangushe kijiko," akasema.

Mkoa mzima wa Pampanga, Magalang ikiwemo, unajua: uma ukianguka, anakuja mgeni mwanamume, kijiko kikianguka, mwanamke. Kwa wengine mgeni huchukua nusu siku. Kwa akina Sunga hufika kabla kijiko hakijaokotwa.

Dading akachukua kijiko cha sukari, akakitupa sakafuni. Mlangoni akatokea Puring, jirani, bakuli lake mkononi.

"Mmeniita?"

"Nani kakuita wewe?" akasema Dading.

"Kijiko. Wewe nani wa kubishana na kijiko? Hebu sogea huko."

Crisanta alimtazama mumewe. "Hukutupa kwa nguvu. Ng'ambo ni mbali, baba Jovelyn."

Dading akavua shati, akatupa kijiko kingine hadi kikagonga ukuta. Akaja muuza mishumaa wa mlangoni pa kanisa la mjini, akisema alikuwa katikati ya kumrudishia mtu chenji. Akaketi. Kijiko cha tatu kikapitiliza dirishani. Akaingia mkunga wa mji jirani wa Arayat, mikono ina sabuni, akauliza ni nani anayejifungua. Wakamwambia ni sufuria. Naye akaketi.

"Tupa tena, mzee," akasema Puring, akipuliza bakuli lake. "Bado kuna nafasi ya malkia."

Crisanta hakutupa kitu. Alikwenda kabatini kuchukua kijiko cha Jovelyn cha utotoni, kilichopinda shingo na chenye alama za meno, ili angalau kikae mezani mahali pake. Mikono yake ilikuwa bado inateleza kwa maziwa ya mahindi. Kijiko kikamponyoka.

Jovelyn alikuwa amesimama karibu na jiko, glovu za mpira mikononi, dekio likichuruzika maji.

"Mama, mlonge mmeutia mapema. Utakuwa mchungu."

"Mwambie baba yako, si mimi."

Akavua glovu moja, akaketi, akaokota kijiko chake, akakipangusa kwa aproni.

"Umekonda," Puring akamwambia.

"Wewe umenenepa, shangazi. Kwa hiyo kijiji hakijapungukiwa kitu."

Muuza mishumaa alicheka mpaka mkunga akampiga mgongoni. Jovelyn akanywa bakuli la kwanza kimya, la pili akiimba puani, la tatu akiwa ameweka mguu juu ya kiti kama alivyokatazwa tangu mtoto. Crisanta hakumkataza.

"Usirudi," akasema Dading. "Tutakuficha darini, kwenye mbegu."

"Pasipoti anayo yeye, baba. Ufunguo ameuvaa shingoni kama rozari."

Kengele ikalia, ile ndogo ya mezani kwa mwajiri. Ilitoka mbali sana, lakini jikoni ilisikika vizuri, na ilikuwa na hasira. Dading akamshika binti yake mkono kwa mikono yake yote miwili. Akabaki na glovu.

Mtu akiondoka katikati ya mlo, wanaobaki hugeuza sahani zao ili afike salama. Bila kuambizana, wote waligeuza mabakuli polepole, supu isimwagike. Kisha wakaendelea kula, maana supu ya mahindi ikipoa inashika kama gundi.

"Bakuli la tatu lilikuwa karibu kwisha," akasema Crisanta, uso umemchangamka. "Leo hata wakimnyima chakula cha mchana, wamechelewa."

Wageni walipoondoka, Dading alianika glovu kambani, akachukua jembe, akaenda kupanda mahindi ya aina ileile. Crisanta aliosha vyombo vyote isipokuwa beseni na kile kijiko cha Jovelyn. Alikipaka kijiko maziwa ya mahindi yaliyobaki kwenye beseni, akakilaza ukingoni mwa meza, nusu yake ikiwa hewani.