Mistari ya Gundi

"Sumu. Usinizungushe. Umeniletea sumu ndani ya nyumba, na mwanangu ndiye anayeivaa."

"Sumu gani, dada? Nionyeshe hiyo sumu."

Dada mtu akamgeuza mtoto kifudifudi kitandani na kumwonyesha Spidi mapaja. Mekundu, yamevimba. Mtoto mwenyewe, miezi mitano, alikuwa anajitahidi kula ncha ya shuka, hana hili wala lile.

Spidi alihisi damu inamchemka. Kazini walimpa jina hilo kwa sababu hajui kutulia. Mwaka wa pili huu anaendesha mashine kwenye kiwanda cha nepi za watoto, na paketi ile aliileta mwenyewe Jumamosi, mzigo mpya kabisa wa mashine yake, akaitua mezani kama mtu aliyeleta mbuzi mzima. Leo Jumatatu asubuhi anaambiwa sumu. Na dada alikuwa ameshawapa jirani wawili nepi za paketi ileile, mmoja wao ana mapacha.

Dada alisema ni zile chembechembe. Nepi moja ilipasuka, zikamwagika chembe nyeupe kama chumvi, zilipolowa zikafura zikawa ute. Kitu kinachofura vile kinafanya nini kwenye ngozi ya mtoto?

Hapo alikuwa amemgusa pabaya. Spidi alinyakua nepi mpya, akaipasua, akaanza kuonyesha kipande kwa kipande kama anayekata kuku. Hii laini ya juu ni nyuzi za plastiki, ndiyo, plastiki, zimebanwa zikawa kama kitambaa, zinapitisha maji. Huku ndani ni miti iliyosagwa ikawa kama pamba. Chembe zako hizi hapa zimejificha humo, kazi yao kunywa mkojo na kuung'ang'ania. Akachukua nepi nyingine nzima, akamimina kikombe cha maji katikati, akahesabu mpaka ishirini, akaushika mkono wa dada yake na kuubandika juu.

"Umelowa?"

Dada alikitazama kiganja chake, akakipangusa kwenye gauni ingawa hakikuwa na la kupangusa. "Una mdomo kama cherehani," alisema. "Nepi unaijua, nimekubali. Paja la mwanangu hujalitazama hata mara moja."

Basi akalitazama, kwa hasira, ili ubishi uishe. Halafu akainama, akalitazama tena kwa karibu.

Wekundu ule ulikuwa mistari. Mmoja kila paja, mwembamba, umezunguka kama uliochorwa kwa kalamu. Matakoni, mahali panapolowa, ngozi ilikuwa safi. Kama tatizo ni chembe, si pangeungua hapo? Mistari ilipita palepale inapopita mipira inayobana miguuni, na mipira ile inashikiliwa na gundi.

Alipitisha ukingo wa nepi upande wa ndani wa mkono wake, kwenye ngozi laini. Ukamkwaruza. Akarudia, ukamkwaruza tena. Gundi ilikuwa imepenya kwenye nyuzi ikagandia upande wa mtoto, ngumu kama kucha iliyokatwa vibaya.

"Nimeipata," alisema, na sauti ilimpanda mpaka mtoto akaiacha shuka. "Dada, uko sahihi. Uko sahihi, na hujui kwa nini uko sahihi."

Alikuwa ameshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Asimvalishe tena, alimwambia, akawaambie majirani sasa hivi, mwenye mapacha kwanza. Akatoka mkuku, maana mzigo wenyewe ulikuwa unapakiwa leo na lori linaondoka saa nne.

Alikimbia mtaa mzima na nepi mkononi, watu wakimpisha wakidhani kuna mtoto mahali amezidiwa. Kichwa kilimwaka kwa raha. Mistari, mipira, gundi, kila kitu kilikaa mahali pake. Na katikati ya raha hiyo akakumbuka Ijumaa. Ijumaa mipira ilikuwa inabanduka, na badala ya kusimamisha mashine na kumwita fundi, yeye aliongeza gundi. Akaongeza tena. Mipira ikashika barabara, wenzake wakampigia makofi. Miguu ilitaka kupunguza mwendo, hakuiruhusu.

Mama Kipimo, msimamizi wa zamu, alikuwa uani anasimamia upakiaji. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakataa. Mzigo umepimwa, alisema, kila saa nepi tano, maji ya bluu amemimina yeye kwa mkono wake na hakuna tone lililorudi. Vipele watoto wanapata kwa joto, wanapata kwa kuachwa na nepi moja kutwa.

"Mama, yale maji tunamimina wapi?"

"Katikati. Ulitaka nimimine mfukoni kwako?"

Wapakiaji walicheka.

"Katikati," Spidi alisema. "Sote tunapima panapolowa. Pembeni hakuna anayegusa. Naomba mkono wako, mama."

Mbele ya watu wote wale, kukataa kungekuwa aibu. Mama Kipimo alikunja mkono wa koti. Spidi alipitisha ukingo mara moja, mara mbili, mara tano. Mstari ukajitokeza, mwekundu, mwembamba. Mama akamnyang'anya nepi, akajipitishia mwenyewe kwenye mkono wa pili. Mstari uleule. Wapakiaji walikuwa wameacha kucheka, na dereva alikuwa amewasha gari.

"Nani aliongeza gundi?"

Angeweza kuisingizia mashine. Mashine haina mdomo.

"Mimi. Ijumaa. Sikumwambia mtu. Nifukuze ukitaka, mama, ila lori kwanza. Nyumbani kwetu ni mtoto mmoja. Humo ndani mna maboksi mia nane."

Mama Kipimo alimkodolea macho. Jasho linamtiririka, anahema, na meno yote yako nje.

"Unachekelea nini?"

"Nimeipata mwenyewe."

"Na mashine ile huigusi tena mpaka niseme," Mama Kipimo alisema. Kisha akageuka, akaenda kwa dereva kumwambia azime gari.