Miche ya Dirisha la Nyuma

Nomfuneko aliamka, na kabla hata hajanawa uso alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akajipenyeza nyuma ya pazia, akainama juu ya makopo manne ya maziwa ya mgando yaliyopangwa dirishani. Moyo ukamshuka. Jana ncha za majani zilikuwa za manjano tu. Leo zilikuwa za kahawia, zimejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto, na ule mche mdogo kuliko wote ulikuwa umelala kifudifudi juu ya udongo.

"Jamani, nimewakosea nini?" aliuliza kwa sauti. Alikuwa amefika mahali pa kuzungumza na mimea, na hakuona aibu tena.

Mtu angeweza kumwambia kwamba bangi ni bangi, mtaani kwao Mdantsane imejaa tele, na kwa kuwa sheria imeshamruhusu mtu mzima kujipandia kwake, kwa nini ajitie presha kwa ajili ya vijiti vinne? Lakini hivi havikuwa vijiti vya kuokota popote. Mama yake, MaGatyeni, alipoletwa kutoka kwao Lusikisiki, magoti yakiwa yamemkataa kabisa, alikuja na kibati cha ugoro kifuani. Ndani yake kulikuwa na mbegu za shamba la baba yake. Kaka yake aliyekuwa akizipanda kila mwaka alikuwa amefariki, na vijana wa kule siku hizi wanapanda mbegu za ng'ambo zenye majina ya peremende. Nyingi za kwenye kibati zilikuwa zimeliwa na wadudu. Zile nzima Nomfuneko alizipanda zote kwa mpigo, asiweke akiba hata moja, kwa ule ujinga wa mtu anayeanza. Zikaota nne. Zikifa hizi, mbegu ya babu yake imekwisha, hakuna pa kwenda kuomba nyingine.

Na MaGatyeni hakuwa ameomba makubwa. Alitaka majani ya kuloweka kwenye spiriti ajisugue magoti, kama alivyofanya mama yake, na alitaka kusikia harufu ya kwao. Kila asubuhi aliuliza kutoka kitandani, "Watoto wameamkaje?" na kila asubuhi Nomfuneko alimdanganya.

"Wazima, mama. Wanakusalimia."

Nomfuneko alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mkononi mwake sindano ilitii, lakini hakuwahi kupanda hata mchicha. Mwanzoni miche ilirefuka haraka, mashina membamba kama uzi, naye akafurahi akidhani ndiyo kukua. Jongikhaya, jirani yao wa mtaa wa pili, mwenye misokoto ya nywele inayofika kiunoni, ndiye aliyekuja kumkata maini.

"Dada, hawa hawakui, hawa wanakimbia," alisema akiwa amechutama mbele ya dirisha. "Wanatafuta jua. Hili pazia la nini? Umewafungia kama wafungwa."

"Pazia ni la mume wangu."

"Na haya makopo hayana matundu! Maji yanatokea wapi?"

"Yatokee kwani? Si wanayanywa?"

Jongikhaya alishika kichwa. "Wanayanywa! Dada, wewe unawapenda hawa mpaka wanazama. Weka msumari kwenye moto, toboa chini. Halafu usiwape maji mpaka udongo ukauke, kopo likiwa jepesi mkononi. Na samadi usiguse, hawa bado ni wa kunyonya."

Alitoboa. Alipunguza maji. Kila saa alikuwa akinyanyua makopo kuyapima uzito, mpaka MaGatyeni akamwuliza kama anafanya mazoezi ya ngumi. Kuhusu pazia, alisubiri mumewe atoke kwenda kazini ndipo akalifunua, na kabla hajarudi akalifunika. Kwa siku chache miche ilitulia, akaanza kupumua. Kisha manjano yakarudi, yakianzia nchani. Akatazama video kwenye simu. Mtaalamu mmoja alisema ni njaa. Mwingine alisema ni kushiba. Wa tatu alisema ni baridi. Nomfuneko akalala na mawazo hayo yote matatu na akaamka na uchovu.

Na leo ndiyo haya. Aliugusa udongo wa ule mche uliolala. Juu yake kulikuwa na ukoko mweupe, kama ule unaoganda ndani ya birika. Akauparua kwa ukucha, akaunusa, haukunuka. Sijui ni nini kilichomtuma, aliutia ulimini.

Chumvi.

Akajaribu kopo la pili. Chumvi. La tatu na la nne, vivyo hivyo. Alikaa chini sakafuni. Alimkumbuka shangazi yake aliyekuwa akimwaga chumvi kwenye nyasi za njia ya uani ili zisiote tena, na kweli hazikuota tena. Chumvi haiingii koponi yenyewe. Mama yake hawezi kuvuka chumba bila kushikwa mikono miwili. Mtu aliyebaki ndani ya nyumba hii alikuwa mmoja.

Mthuthuzeli, mumewe, alikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya mabasi, na siku za Jumapili alikuwa shemasi katika kanisa lao la Kizayoni, lile la sala za uponyaji, koti la kijani, fimbo mkononi. Siku alipoambiwa habari za mbegu alimwita mkewe kwa jina la ukoo, kama walivyozoea kuitana. Alisema, "Nyumbani kwangu, MaMpinga? Mimi ninayewaombea watu waache ulevi?" Na alipoona machozi ya mkewe alisema, "Haya, fanya. Lakini pazia lisifunguliwe. Watu wa kanisani wako hapo nyuma ya uzio." Tangu hapo hakutamka neno juu ya jambo hilo. Mara moja tu Nomfuneko alimkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, naye alipoona ameonekana akasema anatafuta soksi.

Soksi! Kwenye chumba cha nyuma!

Siku hiyo Nomfuneko alishona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaushona vilevile tena. Hasira ilikuwepo, lakini hofu ilizidi. Mwanaume aliyempokea mama wa mkewe ndani ya nyumba yake, jambo ambalo kwalo nduguze walimcheka hadharani, je, ndiye huyu anayemuulia mama huyo dawa yake polepole huku akimwita mama? Kama ndiye, basi alikuwa ameishi na nani miaka yote hii? Jioni waliketi kula mahindi ya kupondwa na maharage.

"Nisogezee chumvi," Mthuthuzeli alisema.

Nomfuneko alimtazama mpaka kijiko kikasimama mkononi mwa mumewe.

"Vipi, MaMpinga?"

"Hakuna, Tolo. Chumvi hiyo hapo. Si unajua inakokaa."

Alfajiri, aliposikia kitanda kikilia na mumewe akitoka kwa kunyata, alihesabu pumzi chache kisha akamfuata peku, mfuniko wa sufuria mkononi. Hakujua angefanya nini na mfuniko. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi kidogo. Alichungulia.

Mthuthuzeli alikuwa amevaa koti lake la kijani juu ya nguo za kulalia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha, na mkononi alikuwa na chupa yenye uzi wa sufu wa kijani shingoni, chupa ya maji ya baraka, yale wanayoyaita isiwasho, yanayoombewa kanisani na kutiwa chumvi na majivu. Alimimina taratibu kopo la kwanza, akaweka kiganja juu yake kama anavyowawekea wagonjwa.

"Bwana," alinong'ona, "mimi sijui habari za mimea hii, na unajua sikuitaka. Lakini mama halali. Namsikia ukutani anauma shuka ili tusisikie. Kama dawa yake iko humu, basi iinue. Kanisani watasema. Waache waseme. Inyauke aibu yangu, isinyauke hii."

Mfuniko ulimponyoka Nomfuneko, ukaanguka kwa kelele za kuamsha mtaa.

"Tolo! Acha! Unaiua!"

Mthuthuzeli aligeuka, chupa ikimwagikia kotini. "Naiua? Naiombea!"

"Maji yako yana chumvi!"

"Lazima yawe na chumvi! Haya haya ndiyo yaliyokutoa homa mwaka jana, umesahau?"

"Mimi sina mizizi, mwanaume wewe!"

Alimvuta mkono, akamchotea kidogo udongo, akamwekea mdomoni kama anayemlisha mtoto. Mthuthuzeli alitafuna. Akatazama ncha zilizoungua, akatazama chupa, kisha polepole akakaa sakafuni, palepale mkewe alipokaa jana.

"Nilikuwa nikiona inazidi kuugua," alisema, "nikawa nazidi kumimina."

Nomfuneko alitaka kumpigia kelele, kisha akajikumbuka. Na yeye, kabla ya matundu ya msumari, si alikuwa akiizamisha kila ilipolegea? Alikaa karibu naye. Alilia, kwa miche na kwa zile fikra mbaya alizolala nazo kitanda kimoja na mumewe usiku kucha.

"Mnapigana nini huko?" MaGatyeni aliita kutoka chumbani kwake. "Watoto wameamkaje?"

Waliangaliana. Mthuthuzeli alinyanyuka, akafunga vifungo vya koti mpaka juu, akaenda kusimama nje ya mlango wa mama mkwe wake. Kwa heshima hakuingia. Akasema yote kutoka hapohapo, macho chini: chupa, chumvi, kila alfajiri. Nomfuneko aliongeza ya kwake, kwamba kila asubuhi alikuwa akimdanganya.

"Imebaki mingapi?" MaGatyeni aliuliza.

"Sijui, mama. Labda mmoja."

"Basi mnasimama hapo mnaungama nini? Osheni udongo, haraka! Maji ya mvua, siyo ya bomba. Mwagieni mpaka yatoke chini."

Mthuthuzeli alikimbilia tangi la uani akiwa na koti lake la kanisani. Walimwagia na kumwagia, maji yakitoka kwenye matundu yale ya msumari, mpaka Nomfuneko akalamba tone la chini na hakuonja kitu. Mche uliolala ulikuwa umekufa. Kufikia jioni miwili mingine nayo ilikuwa imeufuata. Ule wa nne ulibaki umesimama, majani mawili ya juu bado ya kijani, ncha zake zikiwa zimeungua. Siku nzima Nomfuneko aliupitia kila alipomaliza kushona kola, na kila mara aliingia akiwa amefumba macho nusu.

Alfajiri iliyofuata kitanda kililia tena. Nomfuneko hakumfuata. Alikuwa ameacha jagi la maji ya mvua mlangoni, na kidogo tu ndani yake. Alisikia nyayo, kisha minong'ono ya sala, kisha mlio ambao tangu mbegu zipandwe haukuwahi kusikika mumewe akiwa nyumbani, wa pete za pazia zikiburutwa kwenye chuma chake, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akainuka, akafika mlangoni. Jua la kwanza lilikuwa likiingia lote, likimwangukia mche na mtu mwenye koti la kijani aliyeinama juu yake. Ng'ambo ya uzio, MaDuna wa kanisani alikuwa ametoka kuanika nguo, shuka mkononi, kinywa wazi.

"Shemasi!" aliita. "Kulikoni dirishani hapo?"

Mkono wa Mthuthuzeli ulikwenda kwenye pazia, ukalishika, kisha ukaliachia.

"Namwagilia mche wa mama mkwe wangu," alijibu. "Umeamkaje, dada?"