Sentensi Isiyo na Mpishi

Mwalimu mkuu alirudi kutoka semina ya Kiingereza na mkoba mpya na wazo lililomkosesha raha mpaka alitoe. Maneno ya Kiingereza, aliwaambia wafanyakazi, yako mafungu manane, na mwanafunzi hatayaelewa mpaka ayaone yakitembea. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Kwa hiyo shule nzima, tangu mlinzi hadi yeye mwenyewe, itakuwa sentensi moja.

Akaanza kubandika karatasi vifuani mwa watu, na alipanga kwa kutazama sura tu. Wanene wote wakawa majina, wakaamriwa wakae vitini wasiinuke. Mwalimu wa hesabu, mwembamba kama ufito, akawa kitenzi, marufuku kusimama mahali pamoja. Karani, kwa kuwa anajipenda, akawa kivumishi. Kazi yake kukaa ubavuni mwa jina na kulisifia. Mlinzi akawa kihusishi kwa sababu siku zote yuko mlangoni, na tangu hapo hakuna aliyepita bila kueleza anaingia ndani ya nini au anatoka nyuma ya nani.

Mpishi, mjane ambaye watoto walimwita Mama Mvuke, alikuwa jikoni akichambua maharage mlango ulipobamizwa. "Mola wangu," akasema, kama ilivyo desturi yake. Mkuu hapohapo akambandika: kihisishi.

Kisha, kwa sauti ya upole, akamweleza kuwa kihisishi ni neno la kushtuka, linakaa pembeni, na sentensi hukamilika vizuri tu bila hilo. Na kwa kuwa kamati ilikwisha kumwagiza apunguze mfanyakazi mmoja, basi jibu limejileta. Ijumaa ingekuwa siku yake ya mwisho.

Jiko lile ndilo lililowasomesha watoto wake watatu tangu baba yao alipofariki. Mama Mvuke akaomba kimoyomoyo asije akatoa neno la kujutia.

"Mwalimu," akasema, "maharage haya siyajui kwa kuyatazama usoni. Nayatia majini, mabovu yanaelea yenyewe. Wewe umetupanga tungali wakavu."

Mkuu akajibu kuwa maharage si Kiingereza.

"Haya. Ijumaa panga sentensi yako bila mimi, tuone."

Ijumaa ikafika. Mama Mvuke akaketi kwenye benchi nje ya jiko, mikono mapajani, karatasi yake kifuani. Kutoka pale aliona yote. Mkaguzi alizuiwa getini robo saa nzima kwa kushindwa kusema yuko kati ya nini na nini. Alipoingia, akakuta majina yamejaa vitini kama magunia, na mwalimu wa hesabu akizunguka uwanja mara ya arobaini huku ameshikilia suruali isimponyoke. Karani alikuwa amemsifia mtunza stoo, jina la ubavuni mwake, tangu asubuhi: mkubwa, mzito, wa mviringo, na sasa wawili hao hawasemezani. Mkaguzi akaandika, akaandika, hadi kalamu ikamwishia wino.

Saa saba akauliza chakula kiko wapi.

Mkuu akawatazama majina, wakatazama chini. Akamwita kitenzi, naye akapita mbio akihema kwamba akisimama kushika sufuria ataharibu sentensi. Karani akasema chakula kitakuwa kitamu. Ndiyo msaada wote aliopata.

Akaja jikoni mwenyewe. Majivu ya jana, sufuria imefunikwa kifudifudi.

"Mama, mbona hujapika?"

"Nakaa pembeni, mwalimu. Nasubiri kushtuka."

Mkuu akajifuta jasho, akambandua karatasi, akamwomba awashe moto. Mama Mvuke hakuinuka.

"Na Jumatatu?"

Mkuu akageuka. Kule uwanjani mkaguzi alikuwa akitazama saa yake. Mkuu akatoa kalamu, akageuza karatasi, akaandika nyuma yake: Mpishi, mpaka atakapochoka mwenyewe. Mama Mvuke akaisoma mara mbili, kidole kikifuata kila neno, kisha akamrudishia atie sahihi. Akatia. Ndipo Mama Mvuke akaikunja, akaisukumia kifuani, akamshukuru Mungu taratibu bila haraka, akafunga aproni.

"Maharage yanataka saa mbili," akasema, akivunja kuni. "Mwambie mkaguzi asubiri. Na yule mwalimu wa hesabu mkalishe kitako, jamani, atatufia."