Nyeupe ya Hakimu

Kuta za sebule ya Hakimu zilikuwa za kijivu, na hazikupakwa hivyo kwa ajili ya mapambo. Ukuta wenye rangi, alimweleza kila aliyeuliza, huyadanganya macho. Ukiwa wa kijani, picha iliyo mbele yake huonekana imeingia wekundu. Mapazia nayo yalikuwa ya kijivu, mazito, yasiyopitisha mwanga. Mkewe, Mama Pacha, alishindwa kwenye kuta na mapazia lakini akashinda kwenye makochi, ambayo yalikuwa na maua makubwa mekundu. Ndiyo maana kila Jumamosi mchana, kabla ya wageni kufika, Hakimu aliyatandikia mashuka ya kijivu kama mtu anayefunika samani za nyumba inayohamwa.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja ni Mwalimu, aliyefundisha fizikia sekondari. Wa pili ni Shemeji, kaka yake Mama Pacha, wakala wa bima asiyeweza kupita duka la vifaa vya umeme bila kuingia. Watatu hao walifuatilia televisheni tangu zilipoacha kuwa na mgongo, zikapindwa kidogo, zikanyooshwa tena, hadi hizi za sasa ambazo kila nukta hujiwasha na kujizima yenyewe, hata nyeusi yake ikawa giza tupu. Mmoja wao akinunua mpya, Hakimu hukaa mbele yake na rimoti, akapandisha na kushusha nyekundu, kijani na buluu mpaka nyeupe iwe nyeupe kweli. Namba alizofikia zilitumwa kwenye kundi lao la simu, na wenye televisheni ya aina hiyo wakazifuata. Hakuna aliyewahi kuzipinga. Jina la Hakimu lilitokana na hilo.

Jicho hilohilo ndilo lililomlisha. Alikuwa fundi wa meno bandia, na kazi ngumu katika meno si umbo bali rangi, kwa kuwa meno meupe ya watu wawili hayafanani weupe. Hakimu aliweka sampuli ya rangi kando ya jino la mgonjwa, akatazama, akaamua. Kwa miaka mingi hakukosea. Lakini karibuni daktari wa meno aliyempa sehemu kubwa ya kazi alimrudishia seti moja baada ya nyingine. Mara yamezidi umanjano, mara yamepungua. Mwishowe akapiga simu na kusema kwa upole kwamba ikirudi kazi nyingine, italazimu zinazofuata zipelekwe karakana nyingine. Hakimu alimjibu achunguze taa mpya za kliniki yake. Kazi iliyofuata, meno manne ya mbele ya mama mmoja, aliipeleka Ijumaa. Yangebandikwa Jumatatu.

Televisheni yake mpya nayo ilimsumbua. Ya kwanza aliirudisha dukani akisema ina manjano. Waliyombadilishia ilikuwa vilevile. Akaamua kupandisha buluu, akapandisha tena, hadi akaridhika.

"Baba Pacha," Mama Pacha aliuliza wakati wa taarifa ya habari, "huyu mtangazaji wamemtoa kwenye friji?"

"Hiyo ndiyo nyeupe sahihi. Wewe umezoea manjano."

"Mimi nimezoea watu walio hai."

Jumamosi hiyo Mwalimu alifika na kifaa kidogo kama kiberiti, chenye waya mrefu na kamba ya kukining'iniza mbele ya skrini. Kilikuwa kipimo cha rangi. Alikiunganisha na kompyuta yake huku akieleza kwamba hakukileta kumpinga mtu.

"Mtu akianza hivyo, ujue amekuja kukupinga," alisema Shemeji, akikaa juu ya shuka la kijivu.

"Nataka kununua kama hii," Mwalimu alisema. "Kabla sijanunua nijue inatoa nini."

"Inatoa ninachoiambia itoe," alisema Hakimu. "Pima."

Skrini ikajaa nyeupe tupu. Mwalimu akasubiri, akasoma kompyuta, akasogeza kifaa kidogo, akasoma tena. "Buluu imezidi," alisema.

"Kiasi gani?"

"Si kidogo."

"Kifaa cha bei gani hicho?"

Mwalimu akakiweka kwenye kompyuta yake, kisha kwenye simu ya Shemeji, kisha kwenye simu ya Mama Pacha aliyekuwa amesimama mlangoni akikausha mikono. Zote tatu zilikaribia pale zilipotakiwa kuwa. Akakirudisha kwenye televisheni, nayo ikatoa jibu lilelile la mwanzo.

"Kama ni kibovu," alisema, "kinaharibika kikifika kwako tu."

"Basi irekebishe wewe. Tuone hiyo nyeupe yako."

Mwalimu akachukua rimoti. Ilikuwa mara ya kwanza katika sebule ile rimoti kushikwa na mtu mwingine mbele ya Hakimu. Buluu ikashuka hatua kwa hatua. Kifaa kiliporidhika, Mwalimu akakitoa na kukaa.

Hakimu alitazama. Skrini ilikuwa na rangi ya gazeti lililokaa dirishani.

"Manjano," alisema. "Shemeji, hii rangi gani?"

"Nyeupe."

"Acha utani."

"Sitanii, Shemeji. Nyeupe."

"Mama Pacha?"

Mama Pacha aliisogelea skrini, akatazama bila haraka, maana aliona kwamba mumewe hakuwa akibishana tena. "Nyeupe, Baba Pacha. Kama lile shati lako la harusi."

Hakimu aliwatazama mmoja mmoja. "Na namba nilizowatumia mwaka huu wote? Shemeji, yako niliirekebisha mwenyewe. Ukasema picha safi."

Shemeji alivuta ncha ya shuka. "Niliirudisha kama ilivyotoka dukani."

"Lini?"

"Ulipotoka tu. Watoto walisema kila mtu anaonekana mgonjwa."

"Mwalimu?"

"Sikuzitumia," alisema Mwalimu. "Nilidhani jicho langu halijafundishwa. Nikanunua kifaa nilifundishe."

"Na hamkusema."

"Tungesemaje?" aliuliza Shemeji. "Wewe ndiye Hakimu."

Hakimu hakukasirika, au kama alikasirika aliahirisha hasira yake. Karakanani, mafundi wawili wakitofautiana juu ya rangi ya jino, hawabishani. Kila mmoja huyapumzisha macho kwenye kadi ya kijivu, kisha hutazama upya. Aliugeukia ukuta wake, akautazama kwa muda. Aliporudi kwenye skrini alifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Manjano. Akahamishia kiganja jicho la kulia. Manjano bado, lakini hafifu, kama chai iliyoongezwa maji. Akarudia. Kulia, kushoto, kulia. Skrini ilikuwa moja, haikuguswa na mtu, nayo ilikuwa na nyeupe mbili.

Hakuhitaji kuelezwa. Kasoro ya televisheni haiwezi kujua ni jicho gani limefunguliwa.

"Ni mtoto wa jicho huenda," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini. "Lenzi ya jicho huanza kugeuka rangi. Inakuja taratibu, ndiyo maana mtu haoni. Inatibika."

"Najua inatibika," alisema Hakimu.

Hakuwa akiwaza televisheni. Alikuwa akiwaza kwa nini meno yalirudi mara yamezidi umanjano na mara yamepungua. Kosa la kuegemea upande mmoja angeligundua mapema. Hili halikuwa na upande. Jicho ambalo lenyewe limeingia umanjano halitofautishi vizuri manjano na manjano, na kwa miezi kadhaa alikuwa akibahatisha huku akiamini anapima. Yale manne ya Jumatatu huenda yalikuwa sahihi. Huenda hayakuwa. Tatizo ni kwamba yeye hakuwa na njia ya kujua.

Akachukua simu mezani.

"Unampigia nani?" aliuliza Mama Pacha.

"Daktari wa meno."

"Leo? Si utampoteza ukimwambia habari ya macho?"

"Nikinyamaza, mama wa watu atatembea na meno nisiyoyajua."

Daktari alipokea. Hakimu alimsalimia, akamwambia asiyabandike yale meno, ayarudishe. Akasema taa za kliniki hazina kosa. Akaeleza alichokiona muda huohuo, jicho moja na la pili, kwa maneno machache na bila kuomba lolote. Upande wa pili ukaongea kwa muda. Hakimu aliitikia "ndiyo" mara kadhaa, akaaga.

"Amesemaje?" aliuliza Shemeji.

"Kazi za rangi atazipeleka kwingine mpaka nitibiwe. Za magego ataniachia, maana magego hayaonekani."

"Na ukishatibiwa?"

"Hakusema. Sikumuuliza."

Mwalimu alianza kukunja waya wa kifaa chake. Hakimu akamwambia akiache, atakihitaji. Kisha akaichukua rimoti, na wote walidhani atarudisha buluu yake. Aliiweka juu ya meza bila kubonyeza kitu.

Jioni wageni walipoondoka, Mama Pacha aliondoa mashuka, na maua mekundu yakarudi. Taarifa ya habari ikaanza. Alimtazama mtangazaji, akamgeukia mumewe.

"Leo amefufuka."

"Kwangu ana homa ya manjano," alisema Hakimu.

"Si urekebishe basi, utazame vizuri. Mimi nitavumilia."

Hakimu alifunika jicho la kulia, akamtazama mtangazaji kidogo, akashusha mkono.

"Acha hivyohivyo," alisema. "Yeye hana kosa."