Mvua Imeingia na Tulipu Bado Hazijapandwa

Hapa Purranque, kusini ya mbali ya dunia, mvua ya mwezi wa nne ikishaanza haimsubiri mtu. Mwaka ule ilimkuta Nolfa hajang'oa ua la dalia hata moja.

Mimi ni jirani yake. Kati ya nyumba yangu na yao kuna ua wa mbao tu, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine alinieleza yeye jikoni kwangu.

Mama mkwe wake, Uberlinda, alipigwa na kiharusi wakati wa kiangazi. Mkono na mguu wa kulia vikalala. Eliecer, mwanawe, ndiye mume wa Nolfa, anafanya kazi kwenye vizimba vya samaki baharini, kusini zaidi, na nyumbani huonekana kwa nadra. Basi wa kumgeuza mama usiku, kumwogesha, kumlisha supu, kufua mashuka na kupasua kuni alikuwa huyo huyo mmoja. Nolfa niliyemjua mimi alikuwa mnene na mcheshi. Kufikia mwezi wa nne nguo zilikuwa zinamning'inia, na ukimsalimu aliitikia umeshapita.

Bustani ilikuwa ya mama. Watu walikuwa wakisimama njiani kutazama dalia zake, kubwa kama sahani. Lakini baridi kali ya kwanza ikipiga, dalia huwa nyeusi tii, na lazima zing'olewe. Viazi vyake, yaani mizizi yake minene, hukaushwa na kufukiwa kwenye maranda ghalani, la sivyo huozea ardhini kwa maji. Halafu tulipu hupandwa mahali pake.

Jumapili moja Yasna, binti wa mama, alikuja kutoka mjini Osorno na keki ya tufaha na mfuko wa matunguu ya tulipu.

“Mama atafurahi, wifi,” alisema, koti hajavua. “Ukiyapanda wiki hii, mwezi wa tisa utaona maua yake.”

“Nikiyapanda mimi?”

“Sasa nani? Mimi hata mnanaa ulinifia kwenye kopo.”

Nolfa akacheka, kicheko cha kuishia puani. Yasna akambusu mama kwenye paji la uso bila kumtazama machoni, akawahi basi.

Kesho yake mvua ilipumzika. Nolfa akamweka mama kwenye kiti karibu na dirisha, akamfunika blanketi, akampa kijiko mkono wa kushoto ili agonge kioo akiwa na haja. Haja zikawa nyingi. Ulimi wa mama ulikuwa mzito, ila kwenye mambo ya maua ulifunguka.

Ngo! “Tumia uma wa kuchimbia, siyo jembe! Utavikata viazi!”

“Nimesikia, mama.”

Ngo, ngo! “Usivute shina, wewe! Shika chini!”

“Mama, njoo tubadilishane. Mimi nikae hapo na kijiko.”

“Ningeweza ningekuwa nimeshamaliza, mvivu we!”

Nikacheka nyuma ya ua. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Dalia zilipokwisha akaanza tulipu. Anachimba shimo, anatia mchanga kidogo, anaweka tunguu ncha ikitazama juu, anafukia, anasogea. Manyunyu yakaanza. Alikuwa amepiga magoti, mara akakaa, mara akaegemea shina la mti wa kamelia.

“Nilisema nifumbe macho kidogo tu,” aliniambia baadaye.

Mimi nilikuwa nimeingia ndani kutazama mkate wangu. Nikasikia kijiko kinagonga, kikazidi, kikawa kama mvua ya mawe. Halafu kimya. Halafu kishindo.

Mama alimwona mkwewe amelala kwenye tope, mdomo wazi, maji yakimpiga usoni, hatikisiki, akajua amekufa. Tangu augue hakuwahi kusimama peke yake. Siku hiyo alishika kizingiti cha dirisha akasimama, akapiga hatua, akaanguka. Kutoka hapo alijikokota kwa kiwiko cha mkono mzima mpaka mlango wa jikoni. Aliufunguaje, sijui mpaka leo. Nilipofika alikuwa nusu ndani nusu nje, gauni la kulalia limejaa matope, anaita kwa sauti iliyokwaruza, “Nolfa! Mwanangu! Nolfa!”

Nolfa akazinduka, akaja mbio, akaanguka magotini mbele yake.

“Mama! Umefanya nini?”

“Nilidhani umekufa.”

“Nilikuwa nimelala tu.”

“Kwenye mvua? Una wazimu?” Akamshika nywele zile za matope. “Umechoka hivyo na husemi?”

“Ningemwambia nani, mama?”

Tukambeba mama mpaka ndani, mimi mabegani, Nolfa miguuni. Muuguzi alikuja akasema ni jeraha la nyonga tu, hakuna mfupa uliovunjika.

Alipoondoka, mama akataka simu. Nikambonyezea namba, nikamshikia sikioni.

“Yasna, njoo. Hapana, mimi sijafa. Nolfa ndiye anayekufa.” Akasikiliza kidogo. “Mama yako ni mimi. Njoo.”

Yasna akaja, akasimama jikoni na mkoba wake begani, machozi yakamtoka.

“Naogopa, wifi. Nikimwona mama mdomo umepinda vile nataka kukimbia.”

“Hata mimi nataka kukimbia,” Nolfa akasema, anamenya viazi. “Kila siku. Ila wewe una basi la kupanda.”

Hawakugombana zaidi ya hapo, labda hakukuwa na nguvu za kugombana. Matunguu yaliyobaki aliyapanda Yasna, mengine yamelala ubavu, huku mama akimkaripia mpaka sauti ikamkauka. Wakakubaliana kwamba kila Alhamisi Yasna atakuja na atalala. Eliecer naye alipopigiwa simu alisema ataomba kazi ya nchi kavu. Bado anaomba.

Alhamisi ya kwanza Nolfa alikwenda Osorno, ili tu asiwe nyumbani. Alinunua empanada, kama sambusa kubwa ya kuoka, akakaa kwenye benchi la uwanjani, mikono haijui ifanye nini. Mara mbili alitoa simu apige nyumbani, akairudisha. Mwishowe akaingia kanisani kutafuta joto, akalala kwenye kiti mpaka mfagiaji alipomwamsha.

Aliporudi jioni nilikuwa nje. Nikamuuliza, “Enhe, umefurahi?”

Akakung'uta maji kwenye viatu.

“Sijui, jirani,” akasema. “Miguu imelowa.” Akaokota kuni mbili tatu pale ukutani, akaingia ndani.