Mchaguliwa wa Raundi ya Nane

Kwa miaka miwili mfululizo, timu ya Nyuma ya Soko ilisajili maiti.

Jambo hili halikuwa siri. Sib nzima, kule Omani, ililijua na kuliheshimu, na mgeni aliyethubutu kucheka aliombwa kwa upole akacheke kwao. Ligi ya mitaa huchezwa na watu saba kila upande. Kila msimu majina ya wachezaji wote hurudishwa katika orodha moja, makapteni sita hukutana katika sabla, ule ukumbi wa mtaa ambamo watu huozeshana, hupeana mikono ya tanzia na kugombana kwa adabu, na kila kapteni huchagua mtu mmoja kwa zamu, naye mwenyewe akihesabiwa, mpaka zitimie raundi nane. Raundi ya kwanza watu hushangilia. Raundi ya nane watu hutafuta viatu vyao mlangoni, kwa maana mtu wa raundi ya nane ni wa akiba tu: mzito, mzembe, au mpwa wa mtu.

Msimu ule wa kwanza Sleyum alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa anasoma bweni, akirudi nyumbani kila Alhamisi, na huko bweni alikuwa amejifunza mambo mawili kwa ukamilifu: kutandika kitanda na kusema uongo bila kupepesa macho. Alaa bin Taimur, mwana wa pekee wa mamkubwa wake na beki wa kulia wa Nyuma ya Soko, alikuwa amekufa miezi minne kabla, gari lake liliposombwa na maji ya wadi, lile bonde kavu hufurikalo siku ya mvua. Maalim Jaifar, mwandishi wa ligi, hakulifuta jina lake. Alisema kalamu yake haiwezi kumkata mtoto aliyemfundisha alifu kwa kijiti. Basi jina likabaki orodhani, katikati ya majina ya walio hai.

Ilipofika zamu ya mwisho, Hatem, kocha wao, aliyeshika nafasi ya kapteni siku ile na kuja na Sleyum, alikuwa nje akizungumza na simu. "Sema jina lolote," alimwambia Sleyum akitoka. Waliobaki walikuwa kijana wa pumu na mzee mmoja aliyevuta sigara mbili kila mapumziko. Sleyum alisimama, akasafisha koo kama waziri, akasema, "Alaa bin Taimur."

Ulikuwa mzaha. Hili lieleweke hapa, kwa sababu pale hakuna aliyelielewa. Tangu siku ya maziko Sleyum alikuwa hajacheka, na kooni mlikuwa na kitu kama mwiba wa samaki. Alidhani watu wakicheka utashuka. Badala yake mzee mmoja alivua kofia akaanza kulia. Makapteni wakasimama. Maalim Jaifar akaliandika jina kwa wino mwekundu. Kabla ya Magharibi habari ilikuwa imefika pwani kwa wauza samaki: Nyuma ya Soko wamemchagua marehemu wao, na aliyesema ni kijana Sleyum, ana adabu za watu wazima. Kesho yake Bi Jawaher, mama wa Alaa, alimletea mkate wa kumimina mzima. Aliula wote. Ulikuwa mtamu, na huo utamu ndio uliomtisha.

Mzaha una mlango wa kuingilia, wa kutokea ujijengee mwenyewe. Sleyum alijaribu kujenga wake katika mechi ya kwanza. Bi Jawaher alikuwa ameleta jezi namba mbili, imefuliwa na kupigwa pasi, akaitundika juu ya kiti kando ya mstari, upande wa kulia. Wakati wa mapumziko, Sleyum aliichovya katika maji ya barafu ya sanduku la vinywaji, akaisugua mchangani kifuani na begani, akairudisha kitini. Alikusudia kuwatisha wenzake, nao walitishika vizuri: kipa alisoma Ayatul Kursi mara mbili na bado akafungwa. Lakini Bi Jawaher alifika kuichukua kabla Sleyum hajaisafisha. Aliinua jezi, akaisogeza usoni, akakaa nayo hivyo muda mrefu. Kisha akaikunja, akaiweka kifuani na kwenda zake.

Asubuhi jezi ilikuwa kambani mbele ya nyumba yake, nyeupe, ikidondoka maji. Na Sleyum akafahamu kwamba wiki ijayo itabidi aichafue tena, kwa sababu ikirudi safi, nani atamjibu mama yule akiuliza kwa nini leo mwanawe hakucheza?

Akaichafua misimu miwili. Akawa fundi: vumbi kavu siku ya sare, tope siku ya kufungwa. Wakati huohuo upande wa kulia wa uwanja ulikuwa umekwisha kuharibika. Ukimpanga mtu pale, baada ya dakika kumi unamkuta katikati, hajui amefikaje. Mipira mizuri kabisa ilipelekwa kule kwa mazoea, kwa mtu asiyekuwepo, ikatoka nje taratibu. Mara mbili Nyuma ya Soko walishika mkia.

Halafu ikaja ile mechi ya Februari. Sleyum alikuwa kitandani kwa homa, na kwa kuwa akiba yao ilikuwa marehemu, timu iliingia na watu sita. Ikashinda. Ndiyo mechi pekee waliyoshinda msimu ule. Goli lilitoka kwenye krosi ya kulia, na baadaye kila mchezaji aliapa kuwa si yeye aliyepiga ile krosi. Sleyum angelicheka, kama asingepita mbele ya nyumba ya mamkubwa wake na kusikia kwa jirani kwamba jezi ilirudi imelowa, imechanika kiwikoni. Aliwauliza wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyeigusa. Toka siku hiyo akawa anasikia, kila akikimbia, pumzi ya mtu mwingine nyuma kidogo ya bega lake la kulia. Akisimama nayo inasimama, ila inachelewa kidogo.

Mwaka huu Sleyum ana miaka kumi na saba na ni kapteni. Kamati ya ligi imesema wazi: atakayeshika mkia mara ya tatu anafutwa. Siku ya kuchagua, baada ya Alasiri, raundi saba zilikwenda salama. Katika raundi ya nane Maalim Jaifar tayari alikuwa ameshaifungua kalamu nyekundu.

"Nyuma ya Soko," alisema kwa sauti ya msibani.

Nyuma kabisa, karibu na viatu, alikaa Enos, Mkenya anayefanya kazi ghalani Rusayl. Alikuja na basi, njumu zake ndani ya mfuko wa nailoni. Timu zote zilikuwa zimempita, kila moja mara saba au nane.

Hatem alimwinamia Sleyum sikioni. "Mwangalie yule bwana mkubwa. Beki wa kulia. Nimemwona Rusayl, anakaba kama ukuta, na mpira ukiwa wetu anapanda mbele kama mwizi wa kuku. Mtu mmoja, kazi mbili."

"Mbona hawakumchukua?"

"Mzito. Na ana shifti, Ijumaa nyingine atachelewa. Lakini mtu wa raundi ya nane, mwanangu, hagharimu kitu. Akifeli, umepoteza nini?"

"Ami Hatem, unajua nitapoteza nini."

Hatem alijua jina lile lina uzito gani mtaani. Kuhusu jezi hakujua yeyote.

"Wewe ndiye uliyeufungua mlango huu," alisema. "Mimi siwezi kuufunga. Nitaonekana mshenzi."

Sleyum alimtazama Enos. Enos naye akaona anatazamwa, akanyanyua mkono kidogo. "Mudir," alisema, kama anayemwita bosi wake wa ghalani, "mimi nacheza kulia tu. Huko kwingine mtanionea. Na nikichelewa naeza ingia kipindi cha pili, haina shida."

Kulia tu. Ukumbini hakuna aliyecheka. Sleyum alisikia pumzi ile begani, ingawa alikuwa ameketi na nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Enos," alisema.

Kalamu ya Maalim Jaifar ilibaki hewani. Mtu aliyekuwa akitafuta viatu aliacha kutafuta. Ndipo Sleyum akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake: alisema kweli mbele za watu.

"Ule mwaka wa kwanza nilikuwa nafanya mzaha," alisema. "Nilitaka mcheke. Sikuwa na adabu yoyote. Na jezi ni mimi niliyekuwa naichafua, kwa maji ya barafu na mchanga. Nisameheni."

Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha yule mzee wa kofia akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Bado hajapoa."

"Huzuni humfanya mtu ajitukane," Maalim Jaifar alisema, akachukua kalamu ya buluu. "Tumsomeeni Alaa Fatiha, na Sleyum naye tumwombee."

Wakasoma. Hakuna adhabu ya mtu wa mizaha kama kutosadikiwa siku anapokiri. Sleyum alitia Amina pamoja nao, akatoka, akaenda kwa mtu ambaye alistahili kuambiwa kabla ya wote.

Bi Jawaher alikuwa uani akikata bamia.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba. Nnajua. Fundi wa mabomba kapita hapa kunambia, wewe hujavaa hata viatu." Hakunyanyua uso. "Mkenya?"

"Mkenya."

"Mkubwa?"

"Kama friji."

"Hm. Alaa alikuwa mwembamba. Kila siku wakimwangusha."

Sleyum alikaa chini, karibu na sinia. Uongo wote aliokwisha kuusema ulikuwa umemtoka kirahisi. Huu ukweli ulikuwa na miguu mizito. "Mamkubwa, nimewaambia sablani. Hawakuniamini. Jezi…"

"Wewe."

"Umejuaje?"

"Siku ya mwanzo nliinusa. Inanuka barafu na soda. Miaka kumi na tisa nnamfulia mwanangu, nisijue jasho lake?" Bamia moja, mbili, zikaanguka siniani. "Nlitaka nkuzabe kibao mbele ya timu yako."

"Sasa mbona uliifua? Misimu miwili, kila wiki."

"Ulitaka nifue nini? Nguo zake zote zilikuwa safi."

Sleyum akakosa pa kuweka macho. Alitazama bamia.

"Nikajiambia, huyu mpumbavu ananletea kazi, mwache alete," Bi Jawaher aliendelea. "Siku nyengine ukizidisha tope. Nkaona, leo wamefungwa vibaya."

"Walikuwa wanatufunga kila wiki."

"Nnajua. Sabuni yangu inajua."

Hapo walicheka kidogo, wote wawili, kwa aibu, kama watu waliogongana mlangoni. Mwiba uliokuwa kooni kwa Sleyum miaka miwili ukasogea. Angeliondoka wakati ule, labda ungeshuka wote. Lakini aliyeanza kusema kweli hajui pa kuishia.

"Ila ile ya Februari, mamkubwa. Iliyochanika. Ile sikuwa mimi. Nilikuwa na homa, sikutoka nyumbani. Nimewauliza wote."

Kisu kilisimama. Kiyoyozi cha jirani kilikuwa kikidondosha maji.

"Ile sikuifua," alisema Bi Jawaher.

"Lakini wiki ya pili niliiona kambani."

"Uliyoiona ni nyengine. Nlikwenda Ruwi nkanunua, namba nkashona mwenyewe." Alifuta kisu kwenye kanga, pande zote mbili, taratibu. "Ile imo kabatini mwangu, ndani ya mfuko. Usinambie nkuoneshe."

Sleyum hakusema amwoneshe. Hakuuliza inanuka nini. Alimtazama usoni mara moja, akaona kwamba jibu analo, na kwamba ameishi nalo peke yake tangu Februari, akipika, akisali, akifua jezi ya dukani ili watu wasione tofauti. Nywele za mkono wake wa kulia zilisimama. Za kushoto zililala.

"Nimemtoa, mamkubwa," alisema kwa sauti ndogo. "Nimempa mtu mahali pake."

"Umempa." Alisukuma sinia pembeni. "Huyo Mkenya ana simu?"

Sleyum alimwomba Hatem namba kwa ujumbe, akapiga, akampa. Iliita mara tatu.

"Hallo, nani?" Sauti ya Enos ilisikika, nyuma yake pakiwa na honi na kelele za kituo cha basi.

"Wewe ndiye Enos? Miye mama yake Alaa. Yule uliyeshika mahali pake."

Enos alikuwa ameshasimuliwa, ni wazi. "Pole sana, mama. Wameniambia. Kama haupendezwi, mimi naeza…"

"Nani kasema spendezwi? Ijumaa mchezo saa kumi. Usije saa kumi na nusu."

"Natoka shifti saa tisa, mama. Nitakimbia tu."

"Utakula saa ngapi?"

"Si lazima, mama."

"Lazima. Pitia hapa kwanza. Sleyum atakuonesha nyumba. Na ukicheza, usitazame nyuma. Atakayekuwa nyuma yako hana ubaya."

"Sawa, mama," alisema Enos, kama mtu anayekubali mawaidha ya kawaida. "Asante, mama. Basi yangu imefika. Uwe na jioni njema, mama."

Simu ikakatika. Sleyum aliusikia mlio, na kioo kikazima. Bi Jawaher hakuishusha. Aliendelea kuishika sikioni, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesubiri aliyeko upande wa pili amalize kusema, na Sleyum, aliyewahi kuwadanganya walimu, wazee na sabla nzima bila kutetemeka, hakuthubutu kumwambia kwamba hapakuwa na mtu.